Watoto 86 wanataka kuja kuona shamba langu la asili. Nikubali ama nikatae?

"Nina shamba dogo huku Dagoretti, nusu ekari hivi, na nalima kiasili, sipigi dawa yoyote ya agroveti. Niko na mbuzi wa maziwa wanne (mmoja ana mimba), kuku kienyeji kama thelathini, mizinga miwili ya nyuki kule nyuma, kadimbwi ka bata, sukuma, managu, terere na mboji. Shule ya hapa jirani, dakika kumi kwa miguu, imeniomba ilete watoto wote wa gredi ya 4, ni 86, siku moja, waone kila kitu alafu wale lunchi hapa chini ya miti. Nilifurahi sana lakini sasa nimechanganyikiwa. Mume wangu anasema watoto wataletea kuku wetu magonjwa. Mwalimu wao anasema shamba likishakuwa la asili hakuna kitu cha kuogopa. Kuna mzazi naye ameuliza kama wataonjeshwa maziwa ya mbuzi freshi, ati yana nguvu kushinda ya pakiti. Nimsikize nani? Na nikikubali, ni sawa niwalipishe?"

Dada, kubali. Lakini sio 86 kwa mpigo, sio lunchi chini ya miti, na hayo maziwa mabichi usimpe mtoto hata tone. Nimeanza na jibu ndio usisome haya yote ukiwa na presha, sasa wacha nikueleze mbona.

Mimi ni daktari wa mifugo, na siku hizi kazi yangu nyingi ni kukaa na wakulima wadogo wa hapa Nairobi na Kiambu wanaopokea wanafunzi, maana tangu CBC, ule mtaala mpya wa shule, ianze walimu wanatafuta mashamba ya kupeleka watoto kila kona. Swali kama lako linanifikia kwa sura nyingi na karibu kila mara wasiwasi umewekwa mahali sipo. Watu wanaogopa nyuki, wanaogopa mbuzi kupiga mtoto pembe, wanaogopa dawa za kunyunyiza. Hizo zote zina pahali pake na nitazifikia, lakini kile kinacholaza watoto hospitali baada ya kutembelea shamba hakionekani, hakina harufu, na kina njia moja tu: kinatoka kwa mnyama kinaingia mkononi, kinatoka mkononi kinaingia mdomoni. Panga siku yako yote kwa kufikiria hiyo njia.

Ndio maana naanza na mwalimu, kwa sababu yeye ndiye amekosea zaidi ingawa ana moyo mzuri. Kutopiga dawa kunasaidia udongo wako, nyuki wako na watoto wenyewe, sina ubishi hapo. Lakini bakteria hajui kama shamba ni la asili ama la. Ile alama ya Kilimohai, ya mazao ya kilimo hai Afrika Mashariki, ambayo viwango vyake vilipitishwa 2007, inakuambia mboga ililimwa vipi, haikuambii mbuzi wako amebeba nini tumboni. Na mbuzi, kondoo na ng'ombe wanaweza kubeba bakteria anaitwa E. coli O157 bila kukohoa, bila kuharisha, anakula vizuri na maziwa anatoa kama kawaida. Mnyama anamtoa huyo bakteria kwa kinyesi, kinyesi kinashika manyoya, kinashika mbao za boma, kinashika soli ya kiatu. Kwa mtoto mdogo, vidudu visivyofika hata mia vinaweza kutosha kumfanya mgonjwa. Kikishaingia kinatoa sumu inayoharibu mishipa midogo ya damu, na hiyo mishipa iko mingi sana kwa figo, ndio unasikia mtoto alianza na kuhara damu alafu wiki inayofuata figo zinakataa kufanya kazi. Haitokei kila siku, na sikuambii ili uogope mbuzi wako. Lakini mwaka 2009 huko Uingereza, shamba moja la kutembelewa linaitwa Godstone, pale Surrey, watu 93 waliambukizwa, wengi wao watoto, na walikuwa wameenda tu kushika wanyama kama hao wako wataenda.

Sasa angalia vile siku yenu imepangwa. Watoto wanaingia bomani, wanashika mbuzi, wanashika mbao, mmoja anaanguka anashika chini, alafu saa saba inafika, kila mtu anakaa kwa nyasi, anafungua krispi, analamba vidole. Hiyo ni ile njia niliyosema, imefunguliwa yote.

Bahati yako shule iko dakika kumi tu. Basi waende wakalie shule. Nashangaa hakuna mtu aliwaza hivyo, lakini naelewa, watu wanapenda pikniki. Kama wanataka kitu cha kutafuna wakiwa kwako, wakule pale mwanzo wakifika tu, kabla hawajagusa chochote, upande wa lango na sio karibu na boma. Alafu mambo ya mboga na mboji yaje katikati, wanyama wawe wa mwisho kabisa, na wakitoka kwa wanyama hakuna kurudi kucheza, ni moja kwa moja kwa maji na sabuni, wakimaliza wanapanga laini wanaenda zao.

Nimesema maji na sabuni, sikusema sanitaiza. Hapa wengi wanajidanganya, wananunua chupa kubwa ya sanitaiza wanaona wamemaliza kazi. Sanitaiza haifanyi kazi vizuri kwa mkono wenye matope na kinyesi, na kuna kidudu kingine cha kuharisha, kriptosporidiamu, kinapenda sana ndama na vitoto vya mbuzi, ambacho sanitaiza haikiuwi kabisa. Kinachosaidia ni kusugua na kukisukuma kiende na maji yanayotiririka. Karai moja la maji watoto wote wachovye mikono haisaidii, hapo mnagawana tu. Tafuta jerikeni za lita 20 zile zenye mfereji, ama tengeneza kibuyu cha kukanyaga na kamba, hesabu kama lita moja na nusu kwa mtoto, sabuni ya maji na sio kipande kinachozunguka, na mtu mzima mmoja asimame hapo kazi yake iwe hiyo tu. Sekunde ishirini kila mtoto, kucha na katikati ya vidole. Ukiwa na mifereji minne, watoto arobaini wanamaliza bila kusukumana.

Na hii ndio sababu nakataa 86 kwa siku moja. Nusu ekari yako na foleni ya kunawa mikono haiwezi. Gawa siku mbili, 43 kila siku, na siku yenyewe wagawe vikundi vinne, kila kikundi na mtu wake mzima. Mwalimu akisema hana walimu wa kutosha aombe wazazi wanne, watakuja, wazazi wa gredi ya 4 wanapenda hizi safari kushinda watoto.

Tuje kwa maziwa. Huyo mzazi mwambie kwa upole lakini mwambie hapana. Mbuzi anaweza kuwa na bruselosi bila wewe kujua, na aina ya mbuzi, Brucella melitensis, ndio kali zaidi kwa binadamu. Ni homa inayokuja ikienda, viungo vinauma, mtu anatibiwa malaria na taifodi miezi mingi kabla mtu akumbuke kumuuliza alikunywa maziwa gani. Hiyo "nguvu" watu wanaisema haipotei ukichemsha, protini iko, kalsiamu iko, mafuta yako, vitamini chache zinapungua kidogo na basi. Chemsha mpaka yainuke, ama kama una kipimajoto shikilia nyuzi 63 kwa dakika 30. Na usidanganyike na maziwa lala ya kugandisha nyumbani kutoka kwa maziwa mabichi, ule uchachu unapunguza baadhi ya vidudu lakini sio dhamana. Kama unataka waonje, pika chai ya maziwa ya mbuzi asubuhi, wapewe pale mwanzo kwa lango pamoja na hicho chakula chao kidogo, na uulize kwanza nani ana mzio wa maziwa.

Mume wako naye mpe maua yake, amegusa kitu. Ugonjwa wa Newcastle unasafiri kwa matope ya viatu kama abiria, na nusu ya hao watoto wana kuku nyumbani ama wanapita sokoni wakija shule. Lakini suluhisho sio kukataa wageni, ni kutowaingiza kwa nyumba ya kuku. Wasimame nje ya waya, wewe utoe kuku mmoja mpole, umshike, waguse mgongo. Hicho kisahani cha dawa ya miguu watu wanaweka mlangoni kinafanya kazi tu kwa kiatu ambacho kimeshatolewa matope, matope yanaimaliza dawa nguvu, kwa hivyo brashi kwanza ndio dawa. Na chanjo ya Newcastle kuku wapewe angalau wiki mbili au tatu kabla ya ziara, sio jana yake, kwa sababu mwili wa kuku unahitaji huo muda kujijenga.

Kuna hatari ingine kwa mifugo ambayo mume wako hakuitaja, na mimi naiona zaidi ya hiyo ya kuku: watoto kulisha mbuzi. Kila mtoto anataka mbuzi ale kutoka kwa mkono wake, na atatoa kile alicho nacho, mkate, mandazi, mahindi, biskuti. Tumbo kubwa la mbuzi ni kama chungu cha uji wa kuchachusha, ndani kuna vidudu vilivyozoea majani vinavyochachusha polepole. Ukiingiza wanga mwingi ghafla, vidudu vingine vinavyopenda wanga vinaongezeka haraka vinatengeneza asidi, tumbo linasimama, mbuzi analala chini usiku na asubuhi unampata amekufa bila kujua kosa ni la nani. Watoto arobaini na kipande kimoja kimoja cha mandazi, fanya hesabu mwenyewe. Kata majani ya viazi vitamu ndoo moja, kila mtoto apewe jani moja na wewe mwenyewe, ndoo ikiisha imeisha. Na uangalie ua wako, lantana na majani ya ovakado ni sumu kwa mbuzi na mtoto hajui, atachuma tu cha karibu. Ukiwa hapo hapo ng'oa pia mbarika kama iko, mbegu zake ni nzuri kwa macho na ni sumu mbaya kwa mtoto, na yale maua makubwa meupe ya kuning'inia kama tarumbeta ambayo watu wa Dagoretti na Limuru wanapenda kupanda kwa lango, hayo pia yasiguswe.

Yule mwenye mimba mtenge siku hiyo. Mbuzi akizaa au akitupa mimba, yale maji na kondo la nyuma ndio yamebeba magonjwa mengi zaidi, na mwalimu mjamzito asikaribie kabisa hata kama mbuzi anaonekana mzima.

Kuhusu kutopiga dawa, nina swali kwako. Unatumia nini kwa vidukari? Kama ni ile ya kuchemsha pilipili, sabuni na tumbaku, jua kwamba maji ya tumbaku yana nikotini na nikotini inapita kwa ngozi. Pareto nayo ni ya asili kabisa lakini inaua nyuki na samaki. Hizo chupa za soda unazowekea hizo mchanganyiko ziondoke zifungiwe ndani siku tatu kabla, mtoto mwenye kiu anaona soda. Na mboga wasichume wakatafuna hapo hapo. Kama umeweka samadi mbichi karibuni, kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna mboga inayogusana na udongo, na hiyo ni kipimo kizuri hata kwetu.

Nyuki sasa. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali kushinda wa Ulaya, hilo liko wazi, lakini hawaji kukutafuta, wanalinda nyumba. Akidunga anaacha mwiba na kifuko cha sumu, na papo hapo inatoka harufu ya kuita wenzake, na hiyo harufu inakaribiana sana na ya ndizi mbivu. Kwa hivyo siku hiyo hakuna ndizi, hakuna pafyumu kali, usifyeke nyasi asubuhi hiyo, na wiki nzima usifungue mizinga wala kuvuna asali. Watoto wasipite mbele ya mlango wa mzinga, weka kizuizi mbali kabisa. Kama unaweza panda matete au weka ua mrefu kuliko mtu mbele ya mizinga, nyuki watapanda juu kabla ya kuvuka na hawatagongana na vichwa. Cha kuwaonyesha ni mzinga mtupu na sega kavu, watajifunza zaidi kuliko kusimama mbali wakiogopa. Akidungwa mtoto, mwondoe hapo kwanza, toa mwiba haraka kwa kucha au kadi, haraka ni muhimu kuliko namna ya kuutoa. Midomo ikivimba, pumzi ikianza kupiga filimbi, ama akitapika na kulegea, hapo usitafute kitunguu wala dawa ya meno, ni gari na hospitali mara moja. Ndio maana nataka gari liwe limeegeshwa hapo hata kama watoto wamekuja kwa miguu.

Dimbwi la bata liwekewe ua, hata kama maji yanafika magotini. Sitaki kubishana kuhusu hilo.

Kitu kingine ambacho hukuuliza ila ni muhimu, hiyo ya "waone kila kitu". Wakiona kila kitu watakumbuka mbuzi alikojoa. Chagua jambo moja lishike siku yote, na ningekuwa wewe ningechukua mboji. Siku tano au sita kabla, jenga lundo jipya la mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, majani makavu, majani mabichi, samadi kidogo, maji, na uchomeke mti mrefu mkavu kwa ubavu ufike katikati, vile wakulima wengi hapa wamefundishwa. Watoto wakifika, chomoa huo mti mbele yao. Utatoka ukifuka moshi mwembamba wa mvuke kama asubuhi ni ya baridi ya Dagoretti, na ncha yake ni moto kweli kweli. Waache wajaribu kukisia nani amewasha moto humo ndani kabla hujawaambia. Ni vidudu vinakula, na vikila vinatoa joto, na lundo likiwa kubwa vya kutosha joto linashindwa kutoroka, katikati inafika nyuzi 55 mpaka 65, joto linaloua vidudu vingi vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu. Lundo dogo halipati moto, na watoto wakiulizwa mbona wanapata jibu wenyewe. Kisha waonyeshe mboji iliyokomaa, nyeusi, inanuka msitu, waweke kwa mche wa managu kila mmoja. Waambie maganda ya viazi ya nyumbani kwao Kawangware yanaweza kuwa mboji kama hiyo, na mtoto ambaye mboga anaijua tu kwa meza ya mama mboga anaanza kuuliza maswali ambayo ticha hakuandika. Bila shaka, mikono inaoshwa baada ya hapo pia.

Mambo ya karatasi nitapita haraka. Kenya tuna sheria ya wajibu wa mwenye mahali, Sura ya 34, na inasema wazi kwamba mwenye mahali ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kwa hivyo ile fomu ya "shamba halitahusika na chochote" usilale ukiiamini, ongea na wakili, na uulize kampuni ya bima kuhusu bima ya wageni kuumia kwako. Fomu ya maana ni ile mzazi anaandika mzio, pumu na namba ya simu. Na picha, mwalimu asikuambie ni sawa tu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi akubali kabla taarifa za mtoto kutumiwa, na uso ni taarifa.

Kabla ya siku, mwite daktari wa mifugo wa eneo lako aje kwa macho yake, sio kwa simu. Apime mbuzi bruselosi, aangalie vidonda vya midomo na choa, aone kama kuna kitoto kinaharisha. Mbwa wa shamba awe na chanjo ya kichaa na afungwe. Pia afisa wa afya wa kaunti ndogo, mwombe apite aangalie choo na maji, wengi hawakatai. Na baada ya ziara, ndani ya siku kumi, mtoto akianza kuhara na hasa kukiwa na damu, ama mkojo ukipungua, apelekwe hospitali na mzazi amwambie daktari kwamba mtoto alishika mbuzi. Asinunuliwe kemisti dawa ya kufunga tumbo wala antibaiotiki, kwa huyo bakteria zinaweza kuzidisha shida. Mwalimu aandikie wazazi ujumbe huo siku ile ile jioni.

Kulipisha ni sawa kabisa, hata ukiwa jirani. Andika gharama zako: sabuni, maji, vijana wawili wa kusaidia, majani ya viazi, miche, daktari, na siku yako mwenyewe ambayo hungeuza kitu. Tuseme imefika 6,000 kwa kikundi cha 43, hiyo ni kama 140 kwa mtoto kabla hujajiwekea faida. Kama kuna watoto ambao nyumbani hakuna, kubaliana na shule idadi fulani waingie bure na useme mapema, ili usianze kuchagua langoni. Nusu ilipwe kabla, kwa jina la shule na sio kwa simu ya mwalimu, na utoe risiti.